Dada Yetu Aliyepita Bila Kusalimu

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni mdogo wake marehemu, nimekabidhiwa kusoma historia hii kwa sababu shemeji alijaribu jana mara tatu, na mara zote tatu akakwama kwenye tarehe ya ndoa, na pia kwa sababu dada mwenyewe aliipitia kabla hajatutoka, akafuta sifa nyingi nilizokuwa nimemmwagia.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi cherehani na karani wa posta, akaanza shule ya msingi mwaka 1958, akamaliza sekondari ya wasichana mwaka 1968, ambako mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba anasikiliza vizuri ila hanyooshi mkono.

Mwaka 1972 alihitimu uuguzi, akapangiwa wodi ya wagonjwa wa akili, na huko akaona kwamba mgonjwa akipata mtu wa kumsimulia alichoota, siku yake huwa nyepesi, basi akarudi masomoni, akasomea tiba ya nafsi kwa mkondo wa Jung, daktari wa Uswisi, ambao huichukulia ndoto kama njia ya nafsi kumwambia mtu jambo analolikwepa, na kwa kuwa mkondo huo humtaka mtabibu akalie kwanza kiti cha mgonjwa, alimsimulia mwalimu wake ndoto zake mwenyewe kwa miaka minne, akafuzu tarehe 6 Juni 1987.

Tarehe 20 Desemba 1975 alikuwa amefunga ndoa na shemeji yetu, fundi seremala, wakajaliwa binti mwaka 1977 na mwana mwaka 1980, na chumba cha kazi alichokifungua nyumbani tarehe 4 Januari 1988 kilikuwa na viti viwili, sanduku la mchanga la kuchezea kwa wale waliokaukiwa na maneno, na mlango wa pili ambao shemeji aliutoboa ukutani kwa mikono yake, ili anayetoka asipishane na anayeingia. Waliomjia kwa tiba hakuwaita wagonjwa, aliwaita wageni wake. Hakupiga ramli, na jirani mmoja aliyeota nyoka watatu, akaja kudai namba za bahati nasibu, aliulizwa nyoka wale wanamkumbusha nani, akaondoka akinung'unika kwamba mama huyu hana lolote, na wiki iliyofuata akarudi na jibu, habari ambayo nathubutu kuisimulia kwa kuwa anaitangaza mwenyewe.

Sasa nifike panapouma. Mtaani dada aliitwa Mama Maringo, kwa sababu alikupita sokoni, kwenye kituo cha basi, hata mlangoni pako, asikusalimu mpaka uanze wewe, ndipo akuitikie kwa tabasamu la meno yote, na mwaka 1993 alimpita hivyo mke wangu, wifi yake kabisa, aliyekuwa na mwenzake, mke wangu akanuna mwaka mzima, nami nilimtetea mke wangu, Mungu anisamehe.

Agosti 2023 alikutwa na saratani ya damu, akawaaga wageni wake mmoja mmoja, kila mtu kwa saa yake, akawakabidhi kwa watabibu wenzake, na ndipo nilipomwambia sitaki azikwe na jina lile. Akaeleza kwamba kama angemsalimu mgeni wake njiani, aliye pembeni angeuliza mmejuana wapi, na mgeni angeumbuka au angedanganya, na kama angewasalimu wengine wote akawaruka wageni wake, siri ingejianika yenyewe, kwa hiyo aliamua asitangulie kumsalimu mtu yeyote. Kuhusu yule mwenzake mke wangu, mpaka leo hatujui kama alikuwa mgeni wa dada au la, na hilo ndilo alilolitaka. Nilikasirika, nikauliza kwa nini hakutuambia hata sisi wa damu, akacheka, akasema sisi wa damu ndio wenye midomo. Aliridhia niseme akishaondoka, na aliondoka Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa ametosheka na maisha yake, mkono wake mkononi mwa shemeji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kufua wiki hizi zote, na watabibu wenzake, tafadhali simameni tuwaone, asanteni sana, ketini.

Wapo na wengine, ambao hatutawaomba wasimame. Marehemu aliagiza asiulizwe mtu yeyote hapa alimjuaje, nasi tunatii, ila mnajijua, na familia inawashukuru hapo hapo mlipoketi, na tukikutana mtaani baada ya leo, tutawapita kimya mpaka muanze ninyi, wala msidhani tunaringa.

Pumzika sasa, dada, kwa amani ile uliyowatunzia wengine.