Ukuta Mtupu wa Mwalimu Zabron

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha sanaa katika chuo chetu cha ualimu hapa Lushoto, Mwalimu Zabron anastaafu. Anaacha kazi nyingi nzuri. Inayojulikana kuliko zote ni ile aliyokataa kuifanya.

Kwa wageni wasiojua: mwaka ule mlima ulipoporomoka, matope yalimfukia Evelina, binti wa mpishi wetu, Mama Dorkasi. Mwili haukupatikana, wala hakuwahi kupigwa picha hata moja. Chuo, kwa huruma yake tunayoifahamu sote, kikaagiza achorwe kwenye ukuta wa bwalo. Wakubwa walisema sura yoyote ya binti ingetosha.

Mwalimu akapaka ukuta chokaa, akaupigia fremu ya mbao, akanawa mikono. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alivuta pazia, akakuta weupe, akalirudisha upesi akidhani amewahi. Akavuta tena. Tukapiga makofi mara mbili, kwa adabu.

Ndipo Mwalimu akatueleza, chai ikipoa, kwamba yapo mambo ambayo ukiyachora unayapunguza, na kwamba aliyepotea havishwi sura ya jirani. Sisi wasomi tuliitikia kwa vichwa bila kuelewa kitu. Wanachuo walielewa haraka mno: mtihani uliofuata, nusu ya darasa ilikabidhi karatasi tupu zilizoandikwa juu "Huzuni". Wote walipata sifuri. Mwalimu alisema utupu wao haukuwa na mtu ndani.

Sasa, kwa kuwa shukrani ni lazima, kamati ya kumuaga, ambayo mimi ndiye katibu wake, iliona zawadi inayofaa ni picha yake mwenyewe, kubwa, ndani ya fremu ileile. Nafasi si ipo? Fundi wa rangi akaja kutoka Soni. Alimkuta Mama Dorkasi ameketi kwenye kigoda mbele ya ukuta, sufuria za mchana hazijabandikwa. Tukamweleza heshima ya jambo lenyewe. Akatusikiliza mpaka mwisho.

"Jamani walimu wangu," akasema, "hapo ndipo ninapomwona. Mkimweka Mwalimu, mwanangu aende wapi?"

Mimi nililia, tena mbele ya fundi. Siku hiyo tulikula saa kumi.

Mwalimu, ahsante sana. Zawadi yako ni blanketi zito, maana picha yako hatuna pa kuiweka. Nenda kwenu Mlola ukapumzike kwa amani na afya njema. Ukuta tutaulinda.