Kalenda ya Chooni

Kwenye treni ya kwenda Leeuwarden, huku Uholanzi, mbele yangu alikaa bwana mwenye koti la kampuni ya maji, jina lake, Sietse, limeshonwa kifuani. Bibi wa kiti cha pili, asiyemjua hata kidogo, alimuuliza kwa nini amekaa kama aliyefiwa.

"Jana mchana pampu zetu zilizimwa, mama. Kuna mtu alizizima kwa kompyuta, akiwa huko kwao. Aliingia kwa neno letu la siri, kama mwenye nyumba."

"Alilipata wapi?"

Sietse akashusha sauti, lakini masikio ninayo. "Tuliliandika kwenye kalenda ya chooni."

"Ile ya siku za kuzaliwa, kama tunayotundika sote chooni nyumbani?"

"Hiyo hiyo. Kila mtu akikaa anaiona, hasahau. Liko mwezi wa tano, chini ya jina la mke wa bosi. Na wageni wote wanakwenda choo kile."

Bibi alishika mdomo. Mimi pia, maana kalenda ya chooni kwangu ina namba ya siri ya kadi ya benki.

"Serikalini mmeripoti? Sheria ya Ulaya inawapa saa ishirini na nne tu."

"Zimebaki mbili. Bosi anasema tusubiri, wakaguzi wakija watauliza habari za choo."

"Watu wanakunywa maji hayo, baba. Wajukuu zangu wanayanywa."

"Neno tumeshalibadilisha, mama. Usiwe na wasiwasi."

"Na hilo jipya mmeliandika wapi?"

Treni ikasimama. Sietse akachukua mkoba wake, akaenda mpaka mlangoni.

"Mwezi wa sita," akasema, akashuka.