Mguu Nusu Hakupiga Hodi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo hatuna matokeo wala msimamo wa ligi. Leo tuna msiba. Mshambuliaji tuliyemwita Mguu Nusu alifariki dunia Jumanne ya wiki iliyopita, alasiri, nyumbani kwake, akiwa na miaka arobaini na saba. Alikuwa anarekebisha bawaba ya mlango wa jikoni. Moyo ukagoma.

Nasema tuliyemwita. Ukweli ni kwamba jina hilo nililitoa mimi, kwenye kipaza sauti hikihiki. Nalirudia leo kwa aibu, kwa sababu ndilo mnalomjua nalo.

Miaka kumi na sita uwanjani, timu kumi na moja. Timu kumi na moja, wasikilizaji! Wapo watu wanaobadilisha mashati taratibu kuliko yeye alivyobadilisha jezi. Mkewe anasema alishazoea. Akisikia tu kwamba timu imeleta kocha mpya, anashusha begi kutoka juu ya kabati kabla mume hajafungua mdomo.

"Mazoezini makocha walikuwa wanampenda," anasema. "Wakimwona kwenye mechi, wanaanza kukuna vichwa."

Walikuwa na sababu ya kukuna. Mazoezini kijana alikuwa moto wa kuotea mbali. Lakini siku ya mechi, mpira ukidondoka kati yake na kipa, ule mpira wa nani atawahi, alikuwa anafanya mambo mawili. Kwanza anapaza sauti: "Nakuja!" Kisha, hatua moja kabla hajafika, anaondoa mguu. Kipa anadaka, uwanja mzima unaguna. Nami huku juu, kwenye kibanda cha watangazaji, nikasema siku moja kwamba huyu amekuja na mguu nusu, nusu nyingine kaisahau nyumbani. Watu wakacheka sana. Jina likaganda.

Na kweli, mshambuliaji gani anamtangazia kipa kwamba anakuja? Hata mwizi hapigi hodi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Hakuwa mwoga. Rudini nami miaka ishirini na mitano nyuma. Ni msimu wake wa kwanza, timu yake ya kwanza, ana miaka ishirini na miwili. Dakika ya themanini na nane, timu ziko sare. Krosi inatoka kulia. Kipa wa wageni, kijana wa miaka ishirini, anatoka kuifuata na jua liko machoni mwake. Mshambuliaji anaruka. Kichwa chake kinaupeleka mpira wavuni, na goti lake linampata kipa nyuma ya sikio.

Goli lilikubaliwa. Mtangazaji nilikuwa mimi. Kanda ipo hapa maktaba, na wiki hii nimeisikiliza mara tatu. Sauti yangu inashangilia sekunde kumi na nne. Ndipo inauliza, kama mtu aliyekumbuka funguo, "Na kipa vipi pale?"

Kipa hakuinuka. Siku mbili baadaye alifia hospitalini.

Refa alisema ni ajali. Kila mtu alisema ni ajali, na ilikuwa ajali. Goli lile likaipandisha timu daraja, na mashabiki wakambeba mfungaji mabegani, naye analia. Wao wakadhani ni furaha.

"Alikuwa ananiambia neno moja tu," mkewe anasema. "'Yule kijana hakujua nakuja. Angejua, angejikinga. Hakujua kwa sababu sikusema.'"

Basi akawa anasema. Nakuja. Miaka yote ile, timu zote zile, Nakuja. Kipa mmoja wa timu pinzani alinieleza kwamba mwanzoni walimcheka, halafu wakaanza kumpenda. Ukisikia sauti ile, alisema, unajua leo utarudi kwa watoto wako mzima. Alhamisi, tulipomzika, wanne kati ya waliobeba jeneza walikuwa makipa.

Mwenye kovu usidhani amepoa. Nyumbani kwake redio ilizimwa siku za mechi. Mtu akitua sufuria kwa kishindo kwenye sakafu, alikuwa anatoka nje na kusimama ukutani mpaka atulie. Mkewe akajifunza kutandika kitambaa kwanza, ndipo atue chungu. Mpaka leo anatandika.

Sasa tufike kwenye timu ya sita. Hapo wengi tulimwona amechanganyikiwa. Timu kubwa inamtaka, yeye anakwenda timu ya daraja la chini yenye uwanja wa vumbi. Sababu hatukuijua. Mji ule ndiko anakoishi mama wa yule kipa. Ni fundi cherehani, na nyumba yake ina geti la kijani, nyuma ya soko.

Kila Jumatatu, siku ya mapumziko, alikwenda kwenye geti lile. Anasimama, anainua mkono, anaushusha, anaondoka. Misimu miwili ya Jumatatu. Hata alipohama, hata alipostaafu, hakupitisha mwaka bila kurudi pale. Safari moja mkewe alimsindikiza.

"Mkono uliinuka, ukabaki hewani," anasema. "Nikamwambia, piga hodi, baba watoto. Akaniambia, 'Nikipiga hodi, atauliza nani. Nitamjibu mimi nani?' Tukarudi."

Mtu aliyemwambia kila kipa kwamba anakuja, pale getini hakuweza kusema amekuja.

Tulipotangaza kifo chake, mama yule alipiga simu hapa redioni. Jana nilikwenda kwake. Nikakuta cherehani iko dirishani, na dirisha linatazama geti. Nilipoona hivyo, nikamuuliza kama aliwahi kumwona.

"Nilimtambua siku ya kwanza," aliniambia. "Picha yake ilikuwa gazetini. Jumatatu sikuwa nashona nguo ya mtu. Nakaa hapa, namtazama. Nikasema, akipiga hodi, nitamfungulia."

Nikamuuliza kwa nini hakutoka yeye. Alinyoosha kitambaa kilichokuwa tayari kimenyooka.

"Mwanzoni nilikuwa na hasira, sikufichi. Halafu hasira ikaisha, nikaona aibu kumwita. Nikawa nasema, Jumatatu ijayo."

Juzi ilikuwa Jumatatu. Anajua tumeshamzika, lakini alikaa dirishani vilevile. Geti likatikisika. Safari hii hakungoja hodi. Alitoka mbio, khanga ikamdondoka njiani, akafungua. Ulikuwa upepo. Hajalifunga tangu hapo.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa mjane na watoto wa marehemu. Tunatoa pole pia kwa mama huyu, pole iliyochelewa miaka ishirini na mitano. Siku ile tulishangilia goli. Na kwako, mshambuliaji, kwa jina nililokupa: nisamehe. Nilikuwa na namba yako ya simu miaka yote.

Kama kuna geti unalolizunguka, leo piga hodi. Na kama wewe ndiye uliye dirishani, usingoje hodi.

Mama aliniomba niseme neno moja hewani, maana hajui njia nyingine ya kulifikisha. Nilimwahidi.

Anasema: karibu, mwanangu.