Fundi Lucian Timotheo Shemweta, Aliyerudi Kwao Kwemashai

Marehemu Lucian Timotheo Shemweta alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1980, hapa hapa Kwemashai, wilaya ya Lushoto. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Timotheo Shemweta, mkulima wa kabichi na mzee wa kanisa kwa miaka mingi, na marehemu Mama Lucy. Alibatizwa mwezi Juni mwaka huo huo katika usharika wetu. Miaka minne baadaye alizaliwa Yusta, dada yake pekee, ambaye ndiye anayesoma maneno haya.

Alianza shule ya msingi mwaka 1988 akamaliza darasa la saba mwaka 1994, na Desemba ile akapata kipaimara. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Jina lilipokosekana kwenye orodha, alijifungia chumbani siku mbili. Siku ya tatu baba yake alimwamsha alfajiri, akamwambia avae viatu, wakashuka wote wawili kwa miguu mpaka Lushoto mjini, kwenye chuo cha useremala. Mzee alimkabidhi kwa mwalimu kwa maneno machache: "Huyu hakukosa akili. Amekosa nafasi tu. Mpe randa." Lucian alisoma pale tangu 1995 hadi 1997, na hata alipokuwa mtu mzima alipenda kuwasimulia watu safari ile ya kwenda chuoni kuliko habari yoyote ya utoto wake.

Kwa miaka minane alikuwa fundi hapa milimani. Milango mingi ya nyumba za jirani ni kazi ya mkono wake, na baadhi yenu mmekaa leo juu ya mabenchi aliyoyatengeneza. Mwaka 2005 alisikia kwamba hoteli za Paje, upande wa mashariki wa Unguja, zinatafuta mafundi. Alikwenda kwa kazi ya miezi mitatu. Alikaa miaka ishirini.

Paje ni mji wa pwani ambao wageni wanakuja kucheza na bahari. Wanasimama juu ya ubao, wanashika kamba za tiara kubwa, upepo unawavuta juu ya maji. Watu wa kule wanauita mchezo huo kaiti. Ubao ukipasuka, mgeni hana raha, na Lucian aligundua kwamba mkono uliozoea mninga unaweza pia kuziba ufa wa ubao wa mawimbi. Alijifunza kutumia faiba na gundi, akafungua karakana ndogo nyuma ya hoteli, na haukupita muda wageni wakawa wanatumwa kwake kutoka fukwe za mbali.

Yeye mwenyewe hakujua kuogelea. Siku moja vijana walimbembeleza mpaka akapanda ubao alioutengeneza. Upepo ulimvuta hatua kumi, akaanguka, akapiga kelele kwa Kishambaa akimwita mama yake, watu wote ufukweni wakisikia. Aliposimama, maji yalimfika kiunoni. Tangu siku hiyo Paje nzima ilimwita Fundi Mlima, naye alilipenda jina hilo akalipaka rangi juu ya mlango wa karakana.

Siku ya Jumanne, tarehe 8 Mei 2012, Yusta alimpigia simu kwamba mama hali yake ni mbaya na anamwulizia. Lucian alikuwa na mbao saba zilizotakiwa kabla msimu wa wageni haujafunguka. Akasema, "Mwambie mama Alhamisi nipo njiani." Alhamisi asubuhi mama alifariki. Siku hiyo bahari ilichafuka, boti zikazuiwa, na kesho yake vile vile. Mama alizikwa Jumamosi. Lucian alifika Jumapili baada ya ibada, na begi bado begani, akamkuta baba yake amesimama kaburini peke yake.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia. Aliuliza, "Ulikuwa wapi?"

"Boti hazikusafiri, baba."

"Jumanne boti zilisafiri."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho kati ya baba na mwana kwa miaka kumi na mitatu. Krismasi ya mwaka ule Lucian alikuja, akasimama uani akatoa shikamoo, Mzee akachukua jembe akashuka shambani. Mwaka 2016 alikuja tena, ikawa hivyo hivyo. Wazee wa kanisa walikwenda kuzungumza na Mzee. Aliwasikiliza kwa heshima, akawapa chai, na hakubadilika. Lucian hakuja mara ya tatu.

Tarehe 24 Agosti 2013 alifunga ndoa na Paskalina Haule, aliyekuwa mpishi katika hoteli moja ya Paje. Paskalina ni mtoto wa wachuma chai wa Bulwa, ambao wazazi wao walitoka Ludewa. Ndoa ilifungwa kule kule Bulwa, kwenye kanisa la Kikatoliki. Kiti cha baba wa bwana harusi kilikuwa kitupu mpaka mama mkwe, Mama Perpetua, alipomshika Yusta mkono akamkalisha pale ili watu waache kukitazama. Mwaka 2014 Mungu aliwapa mtoto mmoja, Beatha.

Mwaka 2017 wageni fulani walifika ufukweni na gari lenye kitanda, jiko na kabati ndani. Lucian alilizunguka siku nzima na futi ya kupimia, akaomba ruhusa ya kuingia, akaandika vipimo. Mwaka uliofuata alinunua Hiace kuukuu iliyochoka kubeba abiria, akang'oa viti vyote, akaanza. Aliweka kitanda kinachokunjwa, jiko la gesi, pipa la maji, na rafu zenye ukingo ili vikombe visianguke kwenye kona. Alipoulizwa anajenga nyumba ya nini ndani ya gari, alijibu, "Ya kupandia kwetu. Nikifukuzwa ndani, nitalala uani."

Lakini kazi ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa na haraka. Mwaka 2021 Yusta alimwambia kwa simu, "Kaka, njoo. Mzee anaanza kusahau." Akajibu, "Msimu ukiisha." Mwaka uliofuata Yusta akamwambia kwamba Mzee amepotea njia ya kutoka kanisani. Akajibu kwamba imebaki milango ya kabati. Alipenda vitu vikamilike. Au aliogopa. Paskalina anasema alikuwa akifungua bawaba zilizo nzima na kuzifunga upya.

Kikohozi kilianza mwaka 2022. Kila mtu alisema ni vumbi la mbao na gundi, naye akaanza kujifunga kitambaa usoni, baada ya miaka kumi na saba ya kufanya kazi bila hicho kitambaa. Mwezi Novemba 2024 madaktari walimweleza kwamba ni saratani ya mapafu na imeshasambaa. Alitoka pale akarudi Paje, akaingia karakanani, akapiga msasa ubao mmoja uliokuwa juu ya meza. Jioni akamwambia mkewe, "Mama Beatha, gari limekamilika."

Hata hivyo miezi saba ilipita, mingine ya kulazwa, mingine ya kungoja nguvu. Waliondoka Paje Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, shule zilipofunga, wakavuka kwa meli inayobeba magari. Walilala njiani ndani ya gari, karibu na Muheza, na Paskalina anakumbuka kwamba Beatha alicheka usiku kucha kwa sababu mvua ilikuwa ikipiga bati juu ya pua yake. Tarehe 11 walifika Bulwa. Lucian aliamua Beatha abaki na bibi yake. "Sitaki aone babu yake akichukua jembe," alisema.

Jumamosi tarehe 14 waliendelea wawili. Lucian ndiye aliyekuwa akiendesha. Walipofika njia panda ya Mombo, pa kupandia Lushoto, hakupunguza mwendo.

"Umepitiliza, Baba Beatha."

"Najua."

Alisimama Mazinde, akaegesha gari kando ya barabara, akakaa mlangoni akiitazama milima ya kwao kwa siku mbili. Alikula kidogo sana. Jumapili jioni Paskalina alimwambia kwamba kama ni kufa, hatamzika Mazinde. Jumatatu asubuhi Lucian alimpa ufunguo. Paskalina, aliyejifunza kuendesha kwenye mchanga wa Paje, alipandisha gari lile kona zote mpaka Kwemashai, na mumewe akiwa amelala nyuma.

Mzee alikuwa barazani akipukuchua maharage. Lucian alishuka, akashika nguzo ya baraza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," Mzee akaitikia. "Karibu, mgeni. Umetoka wapi?"

Neno alilolingoja miaka kumi na mitatu alilipata, na alilipata kwa kuwa hakutambuliwa. Yusta alikuwa mlangoni, akasikia yote.

"Nimetoka Unguja, baba. Ni mimi, Lucian."

Mzee aliacha maharage. "Usimtaje huyo hapa. Huyo alikufa maji. Mama yake alimlilia mpaka na yeye akafa."

Kesho yake Lucian alijaribu tena, akamwonyesha kovu la patasi alilopata chuoni. Mzee alikasirika, akasema watu wanakuja kumchezea kwa sababu ni mzee. Alikataa kula mchana kutwa. Paskalina alitaka wazidi kumwambia, mchungaji aitwe, picha zitafutwe. Lucian alikataa. "Mkimwambia sana, kila siku nitakufa upya mbele yake. Niacheni niwe fundi."

Akawa fundi. Kwa siku kumi alirekebisha milango ya nyumba ya baba yake, akipiga randa mara tatu na kukaa chini kutafuta pumzi, kisha mara tatu tena. Mzee alisogeza kiti akawa anamtazama.

"Fundi, una mkono mzuri. Nani alikufundisha?"

"Baba yangu alinipeleka chuo."

"Baba yako ni mtu mwema. Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Umsalimie."

"Nitamsalimia, Mzee."

Siku ya Alhamisi, tarehe 26 Juni, alijipa moyo akauliza kama mtu anayeuliza habari za watu wengine. Je, yule kijana wa Mzee, kama angerudi leo, angesamehewa? Mzee alifikiri sana, akauliza, "Alikosa nini?" Hakukumbuka. Lucian angeweza kunyamaza. Lakini alimweleza yote: mama kuugua, simu, zile mbao saba, bahari kuchafuka. Mzee alisikiliza kwa makini mpaka mwisho, uso ukabadilika, akasema, "Jumanne boti zilisafiri." Kisha akaokota punje ya harage iliyoanguka, akauliza kama chai iko tayari.

Lucian hakushika randa tena. Ijumaa na Jumamosi alilala garini, mlango ukiwa wazi upande wa baraza. Alimwita Yusta akamwambia, "Utaandika wasifu wangu wewe. Usiandike kwamba nilipatana na baba. Watu watataka kusikia hivyo. Usiwape." Yusta akamwuliza aandike nini basi. "Andika kwamba nilichelewa." Akamwomba Paskalina asimlete Beatha mpaka yote yaishe.

Alifariki Jumapili, tarehe 29 Juni 2025, saa tatu asubuhi, ndani ya gari lake, uani kwa baba yake, mkewe akimshikilia aweze kukaa. Hakufa kirahisi, na hakuna haja ya kusema vinginevyo. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Ameacha mjane, Paskalina, na binti mmoja, Beatha, wa darasa la tano, aliyefika jana kutoka Bulwa. Ameacha dada mmoja, Yusta, na mama mkwe, Mama Perpetua. Ameacha marafiki wengi Paje, ambao wametuma salamu na wengine wamevuka kuja, na boti zilisafiri.

Ameacha pia baba yake mzazi, Mzee Timotheo, ambaye yuko hapa nasi, kwenye kiti cha mbele. Jana alipoambiwa kwamba fundi amefariki alilia. Akauliza ndugu wa fundi huyo wako wapi, na kabla hajajibiwa akasema mtu aliyetoka mbali hivyo asirudishwe barabarani na jua hili. Akainuka na fimbo yake, akawaongoza vijana mpaka kwenye kaburi la Mama Lucy, akawaonyesha mahali pembeni yake. Alisema pale palikuwa pa mwanawe, lakini mwanawe bahari haikumrudisha, basi apewe mgeni.

Ndipo tunapomlaza leo, Jumatano, tarehe 2 Julai 2025. Bwana ampe Lucian amani aliyoipandia mlima huu asiikute. Amina.