Mzee Pole, Mkulima, Anavuka Mpaka

Gogo la mnazi lililolazwa mbele ya kibanda cha kahawa cha Salumu, hatua chache kutoka stesheni ya Mzenga, lilikuwa na wenyewe. Kulia alikaa Matano, mjumbe wa nyumba kumi, aliyeitwa Daftari kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila daftari la wakazi kwapani. Katikati alikaa Abdala Redio. Taarifa ya habari aliyoisikia jioni aliirudisha asubuhi ikiwa imenenepa. Kushoto alikaa Mashaka Mpaka, ambaye alifika Tunduma mara moja tu, akakaa huko saa mbili, na tangu hapo hakuna jambo lisilomkumbusha Tunduma. Jumamosi ile ya Julai, mwaka sabini na nane, kahawa ilikuwa chungu kama ada, lakini gogo zima lilikuwa limevimba kwa majivuno. Siwema binti Shomari, fundi wa simu za reli, alikuwa amepata kazi Mpika, ng'ambo ya mpaka, na treni yake ilikuwa kesho.

— Mzenga tumetoa mtu! alisema Abdala. Kuanzia leo Kisarawe mjini watuamkie wao kwanza.

— Na Zambia nzima ikitaka kusema halo, alidakia Mashaka, sharti imwombe mtoto wetu awaungie waya.

Shomari, baba wa msifiwa, alipokea kikombe na hakukinywa.

— Ndugu zangu, mnapiga vigelegele na bibi harusi hajatoka ndani. Siwema amesema bila Pole haendi. Na Jumatatu ijayo asiporipoti, nafasi wanampa mwingine. Ndugu Mjumbe, ni barua yako tu.

Macho yote yakahamia kulia. Matano akalikumbatia daftari.

Siwema alikuwa mtu wa viumbe tangu utotoni. Alikuwa na komba mmoja mwenye macho kama taa za gari, vinyonga wawili ndani ya tenga lililofunikwa kanga, ambalo hakuna mwanamume wa Mzenga aliyethubutu kulifunua, na kobe aitwaye Pole aliyeachiwa na bibi yake, marehemu Mwanamvua. Bibi aliacha wasia mfupi: Pole asilale nyumba asiyolala Siwema. Ili wanyama wapande treni, bibi mifugo alitaka barua ya mjumbe kuthibitisha kila mmoja katoka nyumba ipi. Ya komba na vinyonga Matano aliiandika asubuhi, bila kuinua kalamu. Ya kobe ilimshinda.

Ilimshinda kwa sababu kwenye daftari lake Pole hakuwa kobe. Mwaka wa Operesheni, watu walipohamishiwa kijijini, Matano alisimama mlangoni kwa Mwanamvua akauliza, kama alivyoelekezwa wilayani, ni wangapi wanaolala humu. Bibi akataja saba, wa mwisho Pole. Umri? Kanizidi mimi. Kazi yake? Kutwa yuko bustanini. Matano akaandika kwa mwandiko wake wa kulala: *Mzee Pole, mume, miaka 80, mkulima.* Miezi miwili baadaye ikaja barua kutoka wilayani yenye muhuri mwekundu: daftari la Ndugu Matano ndilo bora, halina kosa hata moja. Barua ikatiwa fremu. Siku alipoingia chumbani kwa bibi na kumkuta mkulima chini ya kitanda anatafuna mchicha, fremu ilikuwa imeshapigwa misumari ukutani. Matano akaufunga mlango taratibu. Gogo zima lilijua, na gogo zima lilinyamaza, maana daftari bora la wilaya lilikuwa fahari ya wote.

— Andika "kobe mmoja", yakaisha, alisema Abdala. Nani atauliza?

— Sensa mwezi ujao, alijibu Matano. Watakuja na nakala ya daftari hili. Mzee Pole yuko wapi? Niseme nimemuuza?

— Sema kafariki. Mficha maradhi kifo humuumbua.

— Kaburi?

— Tunazika gogo. Si hili, jingine.

— Na hitima? aliuliza Salumu kutoka kwenye birika lake. Mimi sipiki kahawa ya hitima ya gogo.

Mashaka akakohoa. Walijua Tunduma inakuja.

— Pale Tunduma, mabwana, hawana mchezo. Wanamkagua mtu mpaka meno. Mnyama mnamhangaikia bure. Kama kaandikwa mtu, asafiri kama mtu. Akatiwe pasi.

— Picha je?

— Akipigwa kwa ubavu, wazee wengi wana sura ile. Meno hana, atapishwa kwa heshima. Mwenda pole hajikwai.

— Atatia sahihi na nini?

— Dole gumba.

— Analo?

— Anazo kucha kumi na kitu, achague!

Abdala hakukubali kuachwa nyuma.

— Mnafikiri kidogo sana. Nchi hii inasaidia wapigania uhuru, ndiyo au siyo? Mzee Pole ana kofia ya chuma na kanzu ya chuma tangu kuzaliwa. Mwandikieni kwamba anakwenda mstari wa mbele. Redio itamtangaza!

— Vita vitakuwa vimekwisha ndipo afike, alisema Salumu.

— Ndiyo akiba yetu hiyo! Haba na haba hujaza kibaba.

Walicheka, na hata Shomari alicheka, kisha akakumbuka akaacha. Matano hakucheka. Alikuwa anaiwaza ile fremu. Kabla yake Mzenga haikuwahi kusifiwa kwa maandishi na mtu yeyote.

Siwema akatokea kwenye njia ya stesheni, kobe mikononi kama sinia la pilau, na nyuma yake mama mmoja kijana mwenye baiskeli na mkoba. Huyu alikuwa Tereza, bibi mifugo mpya, aliyehamishwa kutoka Kibaha wiki iliyopita.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, waliitikia pamoja. Salumu akafuta nafasi kwenye gogo kwa kitambaa.

Siwema hakukaa.

— Baba mjumbe, baba anasema umekwama. Mimi sitaki uandike uongo kwa ajili yangu. Huyu ni kobe. Ukiweza kuliandika hilo, kesho naondoka. Usipoweza, nitabaki naye, nami sitakulaumu. Bibi alinilea nikilala kitandani kwake, huyu chini ya kitanda.

Matano alimtazama binti aliyemwandika mwenyewe kwenye mstari wa sita, *mwanafunzi*, na ambaye sasa watu wa nchi nyingine walikuwa wanamsubiri awatengenezee simu. Akasimama.

— Nilikosea, alisema, kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Sikuingia ndani. Niliuliza mlangoni, nikaandika mlangoni. Mzee Pole ni kobe, na daftari bora la wilaya lina kosa moja.

— Moja tu! alisema Abdala haraka. Wilaya nzima nani mwingine ana moja?

— Wa Kurui wana mbuzi mwenye kadi ya kliniki, aliongeza Mashaka, na hakuna aliyemuuliza ushahidi.

Matano akaandika barua palepale juu ya goti: *Kobe mmoja, mali ya Siwema binti Shomari, tabia njema.* Tereza akamgeuza Pole, akamtazama macho na kucha, akagonga muhuri. Shomari akanywa kahawa yake kwa funda moja, baridi vile vile.

Lilibaki daftari. Matano akalifungua kwenye mstari wa saba, akatafuta mahali pa kuandika kosa, asipaone. Waliolichapa hawakutarajia kosa. Kwa mtu asiyekuwapo tena zilikuwapo safu mbili tu: *amefariki* na *amehama*.

— Hajafa, alisema Matano, na wala sitamzika. Akaandika, kwa mwandiko ule ule wa kulala: *Amehama, 1978.*

Gogo likapiga makofi. Tereza, aliyekuwa anachungulia juu ya bega lake, akaweka kidole pembeni mwa ukurasa.

— Samahani, mzee wangu, hapa pako wazi. "Jina la mjumbe wa huko alikohamia." Huko Mpika mjumbe wake nani?

Abdala Redio, aliyejua majina ya mawaziri wa nchi kumi na mbili, aliangalia mawingu. Mashaka alianza, "Pale Tunduma..." akaishia hapo. Salumu akajitia kupuliza mkaa.

Matano akalamba ncha ya penseli, akaiona haifai, akaomba kalamu ya wino ya Tereza. Aliandika taratibu, kwa herufi kubwa, safari hii bila kulaza hata moja, kisha akalipeleka daftari kwa Shomari, ambaye kisomo cha watu wazima alikimaliza mwaka jana tu. Shomari alifuata wino kwa kidole, herufi baada ya herufi, kwa sauti, mpaka jina la binti yake likakamilika, na pembeni yake la kwake mwenyewe.

— Hebu nirudie, alisema.