Nani Alitoa Uwanja

Basi la Ekerenyo lilikuwa limetoka Nyamira tu wakati Gesare, mkulima wa chai, alipopewa kijitabu na kijana aliyeketi kando yake. Kijana huyo, Jethro, alikuwa katibu wa klabu ya mpira ya Nyota ya Chai, na kijitabu kilikuwa historia ya klabu ya miaka arobaini.

Gesare alisoma ukurasa wa kwanza, akakunja uso. "Mmeandika uwanja ulitolewa na mheshimiwa mbunge?"

"Ndiyo, mama. Ndivyo tulivyoambiwa."

"Na nani? Na yeye mwenyewe!" Abiria wa mbele, ambao hakuna aliyewauliza, waligeuka. "Ule uwanja ni shamba la baba yangu, Ombongi. Aling'oa migomba yote kwa jembe lake ili vijana wapate pa kuchezea. Mama alikaa msimu mzima bila kumsemesha. Huyo mheshimiwa alileta nyavu za goli, tena mara moja tu."

"Pole, mama. Lakini hayo hayajaandikwa popote."

"Kalamu si mlikuwa nayo nyinyi? Nyumba yetu imepakana na uwanja. Nani alibisha hodi?"

"Mzee bado yuko?" Jethro akauliza polepole.

"Alishafariki. Tulimzika pale pale, nyuma ya goli la juu."

"Lile kaburi la saruji?" Kijana aliinamisha kichwa. "Mama, sisi hulikalia tukifunga viatu."

Basi lilisimama. Gesare alimtupia kijitabu chake mapajani, akachukua kikapu, akashuka bila kuaga.