Damu Namba Moja ya Paskalia Msimbe

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani Wakristo na Waislamu mliopanda mlima na utelezi huu, poleni na asanteni. Naitwa Prisca. Mama yangu ni mdogo wake marehemu, kwa hiyo huyu tunayemsindikiza ni mama yangu mkubwa. Nilipopewa kazi ya kusoma wasifu huu nilikumbuka alivyonionya zamani: "Ukinipamba sana watani watakucheka, na mimi nitacheka nao." Nitajitahidi nisimpambe.

Marehemu Paskalia Msimbe alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961, hapa hapa juu ya misheni ya Matombo, mtoto wa pili kati ya watatu. Masika ya mwaka ule ukungu uliingia hadi ndani ya nyumba, na bibi yetu alikuwa akisema alimsikia mwanawe kabla ya kumwona vizuri. Labda ndiyo maana alikua mtu wa ndoto. Wenzake wakienda mtoni asubuhi, yeye alikuwa bado anasimulia alichoota, na ndoo yake iko tupu.

Alianza shule ya msingi hapa Matombo mwaka 1968, akachaguliwa kwenda Sekondari ya Kilakala mwaka 1975. Huko ndiko alikoangalia tone la damu kwenye hadubini kwa mara ya kwanza, akasahau kwenda kula. "Niliona kijiji kizima kinatembea mle ndani," alitusimulia, "na kila mtu ana shughuli yake." Baada ya kidato cha nne alisomea usaidizi wa maabara kwa miaka miwili.

Mwaka 1981 aliajiriwa katika zahanati moja ya Dumila. Hapo njia panda alikutana na mfanyabiashara wa vitunguu, Deogratias, aliyekuja kupima malaria mara nne kwa mwezi mmoja na mara zote akakutwa mzima. Mara ya tano alimwambia, "Kaka, wewe unaumwa kitu ambacho mimi sina kipimo chake." Walifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1986 katika kanisa hili, wakajaliwa mabinti wawili, Veronika na Catherine. Mwaka 1998 walirudi huku mlimani kumuuguza bibi. Baba yetu mkubwa Deogratias alitangulia mwaka 2011.

Sasa nifike mahali ambapo yeye mwenyewe aliniambia nisiparuke. Mwaka 2006 watafiti wa malaria walikuja kijijini, wakamchukua marehemu awe msaidizi wao. Watu waliogopa sindano. Yeye akakaa kwenye benchi mbele ya wote, akakunja mkono wa gauni, akatolewa damu ya kwanza. Alitabasamu mno, hata wanawake wakasema, "Huyo anacheka kwa mshahara." Lakini wakamfuata. Chupa zikafika mia moja themanini na saba, na namba moja ilikuwa yake.

Kwenye fomu za watoto palikuwa na mstari mmoja tu wa saini, nao ulisema: baba. Kila Mluguru hapa anajua kosa liko wapi. Damu ya mtoto ni ya lukolo, ukoo wa mama yake, na wa kuulizwa ni mjomba. Marehemu alijua. Mvua ilikuwa inakuja, gari lilikuwa linapiga honi, akawapa akina baba kalamu. Kaka yake, Mjomba Alois, alimuuliza jioni ile ile, "Hao wametia saini kama nani?" Marehemu aliniambia swali lile lilikaa kifuani mwake miaka kumi na miwili.

Mwaka 2018 alikuja Daktari Abdulmajid, ambaye yuko nasi hapa. Alizikuta zile chupa ndani ya friza, zingali salama, akataka kusoma vinasaba vya damu ile pamoja na wenzake wa ng'ambo. Barua aliyokuja nayo ilisema saini za zamani zinatosha. Marehemu akamwambia, "Mwanangu, hazitoshi. Na aliyekosea ni mimi." Daktari alikuwa na haraka, na hilo ameniruhusu kulisema. Lakini akavaa mabuti, wakapanda pamoja, nyumba kwa nyumba, miezi kumi na minne. Waliokuwa watoto walikuwa wameota ndevu. Waliulizwa wenyewe, wajomba zao wakiwepo. Mzee Hatibu aliuliza damu yake huko friza ilikuwa inakula nini. Marehemu akamjibu kwamba haili, imelala tu. "Basi muiamshe taratibu," mzee akasema, "isije ikashtuka." Akakubali.

Bi Mwanvita hakukubali. Mwanawe Hafidhi alikuwa namba arobaini na tatu, akafariki akiwa na miaka tisa. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mwanangu hajazikwa wote?" Wiki iliyofuata marehemu alishuka mjini, akarudi na chupa ile kwenye kopo la barafu, ameifunga kwa kanga yake mpya. Waliizika miguuni pa kaburi la mtoto, mjomba wake Luqmani akasoma dua, na mama yangu mkubwa akalia kama amefiwa yeye.

Tangu siku hiyo aliota ndoto moja mara tatu. Chupa zinapanda mlima zenyewe alfajiri, kwenye ukungu, kati ya mikarafuu, kila moja imebeba namba yake kifuani, na kila moja inapiga hodi kwenye nyumba yake na kufunguliwa. Yake tu haikupiga hodi. Ilisimama uani ikimtazama dirishani, haina haraka, kama mgeni anayejua ataona mwenyeji akitoka.

Maana yeye, aliyewauliza wote, fomu yake mpya aliiacha tupu. Na namba moja ndiyo inayotamaniwa kuliko zote, kwa sababu maisha yake yote, Dumila na huku mlimani, hakupata kuugua malaria, na huenda damu yake inajua kwa nini. Kila mwaka Daktari alimuuliza. Kila mwaka alijibu, "Bado najiuliza. Nikijijibu haraka nitakuwa yule yule wa 2006."

Mwaka jana moyo wake ulianza kupanuka. Alilazwa mara mbili mjini, na mara ya pili Daktari alikwenda kumjulia hali, hakuuliza kitu. Ni yeye aliyesema, "Ile yangu, kawaulize wenyewe." Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, Catherine akimshika mkono. Kuliniuma sana kuondoka kwake, na bado naumia.

Ratiba mlizoshika zilichapwa jana kabla ukoo haujamaliza kikao, ndiyo maana hapa kwenu pana nafasi tupu. Mimi nasoma mwandiko wangu.

Catherine alitaka chupa irudi. "Mama azikwe wote, kama Hafidhi." Veronika, ambaye mwanawe alipata degedege la malaria kule Dakawa mwaka jana akapona kwa bahati, alitaka ibaki. Walilia wote wawili. Mjomba Alois akamgeukia Daktari: "Ukiisoma hiyo damu, unamsoma yeye peke yake?"

"Hapana, mzee. Nitawasoma na binti zake. Na ninyi nyote, kidogo kidogo."

"Basi ni yetu," akasema Mjomba. Kisha akasema neno ambalo naomba wenye kalamu mliandike kwenye ile nafasi. Daktari ataitumia damu kama mgeni anayelima shamba la ukoo. Kila mwaka, siku kama ya leo, atapanda hapa kwa miguu na ngoto yake, zawadi ya mgeni kwa wenye ardhi, hata mkungu mmoja wa ndizi, aseme alichokiona, na aombe upya. Siku tukikataa, chupa inarudi, tunaizika hapa miguuni pake. Mabinti wote wawili walikubali. Daktari aliamkia wazee mmoja mmoja, "Shikamoo," akasema atakuja.

Marehemu ameacha kaka yake Alois, mdogo wake ambaye ni mama yangu, mabinti wawili, wajukuu watano, na kijiko kimoja cha damu, kilicholala friza mjini hadi mwakani.

Apumzike kwa amani Paskalia wetu. Na akiulizwa lolote huko aendako, asijibu haraka.